Besi Uliyojiundia Ikipotoka Sauti
Fundi anajiundia gitaa la besi, nyuzi zikipigwa wazi zinalia sawasawa, lakini vidole vikipanda shingoni sauti zinapotoka. Haraka analaumu nyuzi. Mimi namwambia ashike rula kwanza. Kwa besi ya kawaida, yenye uzi wa urefu wa inchi 34 hadi darajani, freti ya 12 hukaa inchi 17 kutoka pale nyuzi zinapoanzia juu ya shingo, na daraja lisipopata nafasi ya kurudi nyuma kidogo kupita hizo inchi 34, bisibisi haitasaidia kitu. Kuukandamiza uzi kunaukaza, nao hupanda sauti. Uzi mnene wa E ndio unaodai nafasi kubwa kuliko yote. Uguse kidogo tu juu ya freti ya 12, usikilize, kisha ukandamize palepale: ukipanda, rudisha nyuma kipande kinachoubeba darajani, ukishuka, kisogeze mbele. Watengenezaji Fender wenyewe, kwenye besi yao ya Precision ya 1951, waliweka vipande viwili kwa nyuzi nne, na wapigaji wakavumilia hadi 1957 vilipokuwa vinne. Wewe huna sababu ya kuvumilia: funga nyuzi mpya, pima, ndipo utoboe mbao.