Hisabati Isiishie Katika Daftari

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa mila na desturi kutoka Leipzig, alifika Masasi, kisha akapanda hadi Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Katika safari hiyo aliandika habari za kamba yenye mafundo 11. Mume aendaye safari aliiacha kwa mkewe, naye mke alifungua fundo moja kila siku: siku ya 10 apike, siku ya 11 mume arudi.

Hapo pana hisabati halisi. Kila siku imeoanishwa na fundo moja tu, na kila fundo na siku moja tu. Ndiyo njia aliyoitumia Georg Cantor, katika karne ya 19, kulinganisha seti zisizo na mwisho.

Lakini mwanafunzi wa chuo asomaye daftari la mihadhara peke yake hatakutana na kamba hiyo, kwani imo katika kitabu cha safari. Claudia Zaslavsky, mwalimu wa hisabati wa Marekani, alisoma maandishi ya namna hiyo hata akatoa kitabu Africa Counts mwaka 1973. Kwa nini kazi hiyo isiendelezwe na vijana wetu?

Watasema mitihani haiulizi hayo. Ni kweli. Hata hivyo, wengi wao watakuwa walimu, na mtoto wa Newala atawauliza namba zina kazi gani. Mwalimu aliyesoma historia na mila atakuwa na jibu, na huenda likatoka kwa mababu wa mtoto mwenyewe.

Basi, kila muhula mwanafunzi wa hisabati na asome walau kitabu kimoja kisichomo katika orodha ya mhadhiri wake.