MGONJWA NAYE AULIZWE

Wazee wetu walisema, mgonjwa haulizwi uji. Walikusudia kwamba mtu aliyelala kitandani hana haja ya kuulizwa kama ataka au hataki; apikiwe, apoziwe, aletewe, kwani huruma haingoji kuombwa. Ni neno la wema. Lakini neno jema nalo huweza kupotolewa, na hili limepotolewa. Mara nyingi katika visiwa vyetu mgonjwa haulizwi uji, wala haambiwi jina la maradhi yake, wala haulizwi kama aridhia kupasuliwa, wala haelezwi dawa aliyopewa ni ya nini. Hupokea cheti asichoweza kukisoma, akaenda dirishani, akaambiwa dawa haipo, akarudi kwao. Na akithubutu kuuliza, hujibiwa kwa swali: "Kwani wewe ndiye daktari?"

Juu ya jambo hili twataka leo kusema na wanachama wetu, wa mjini na wa mashamba, wa Unguja na wa Pemba. Wenye mamlaka, wanapozungumza na mgonjwa, hupenda kumkumbusha wajibu wake: angoje, anyamaze, alipe, asiwasumbue wauguzi. Upande wa upinzani nao hupenda kutaja haki peke yake, kwa kuwa haki hupigiwa makofi mkutanoni na wajibu haupigiwi. Kila upande umeshika nusu ya jambo. Rai yetu ni hii: mgonjwa asiyetimiza wajibu wake hupoteza nguvu ya kudai haki yake, na serikali isiyompa haki yake haina uso wa kumdai wajibu.

Kwanza na ieleweke kwamba matibabu si sadaka ya mkubwa kwa mdogo, wala si tunzo kwa waliopiga kura vizuri. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa saini New York mwaka 1946, ilitamka kwamba afya bora kadiri inavyowezekana ni haki ya kila binadamu, bila ya kutazamwa kabila, dini, itikadi ya siasa, wala hali yake ya maisha. Mwaka 1948 Jumuiya ya Madaktari Duniani ilitunga kiapo kiitwacho Tamko la Geneva, na ndani yake daktari huahidi kwamba siasa za vyama hazitaingia baina ya kazi yake na mgonjwa wake. Hawakuyaandika hayo kwa kupamba karatasi. Ulimwengu ulikuwa umekwisha kuwaona madaktari wa Ujerumani waliotii chama wakamsahau binadamu, hata baadhi yao wakahukumiwa Nuremberg mwaka 1947. Na katika hukumu ile likawekwa sharti la kwanza, kwamba mtu asifanyiwe majaribio ya kitabibu bila ya ridhaa yake mwenyewe. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 nayo yaiagiza serikali ielekeze siasa yake katika kumfikishia kila mtu huduma za afya za kutosha, na yakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya maoni yake ya siasa. Basi mwanachama wetu aingiapo hospitali haingii kwa hisani ya mtu. Aingia kwake.

Twaambiwa tutazame majengo. Tumeyatazama. Hospitali ya Mnazi Mmoja iliwahi kuitwa Karimjee Jivanjee, kisha baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaitwa V. I. Lenin, na leo yaitwa Mnazi Mmoja. Majina yamebadilika, lakini mgonjwa aliyelala mle ni yule yule, na haja yake ni ile ile. Huko Mkoani, hospitali ya Abdulla Mzee ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016, na katika miaka ya karibuni hospitali mpya zimesimama wilayani. Hatukanushi jambo linaloonekana kwa macho, na mwenye kukanusha matofali hujivunjia heshima. Lakini jengo ni ganda la nazi. Anayelipata ganda bila ya tui hajapata kitoweo. Twauliza kinachotendeka ndani ya kuta hizo.

Haki ya kwanza ni kuambiwa. Mwaka 1981, mjini Lisbon, Jumuiya ile ile ya Madaktari Duniani ilitoa tamko juu ya haki za mgonjwa, likaja kupanuliwa mwaka 1995. Miongoni mwa yaliyomo ni kwamba mgonjwa aelezwe hali yake kwa namna atakayoifahamu, akubali au akatae matibabu kwa hiari yake, aruhusiwe kutaka rai ya daktari mwengine, na siri yake ihifadhiwe hata baada ya kufa kwake. Zingatieni maneno hayo, "namna atakayoifahamu." Karatasi ya ridhaa ikiandikwa Kiingereza, kisha mzee wa shamba akashikwa mkono atie dole gumba, hiyo si ridhaa. Ni wino tu. Na maradhi ya mtu yakitangazwa kwa sauti mbele ya wodi nzima, mwenye kuyatangaza amemvunjia mgonjwa heshima, hata kama hakukusudia.

Hapa pana jambo ambalo hatuna budi kulisema ingawa litawachoma baadhi ya wenzetu. Ridhaa ni ya mgonjwa mwenyewe. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, mwenye akili zake timamu, daktari akimwambia kwamba yampasa kupasuliwa, basi neno la kukubali ni lake. Kutaka shauri la mume ni adabu na ni mapenzi. Lakini kumngoja mume arudi kutoka dago au kutoka safarini, hali damu yamtoka mkewe, ni dhulma, na dhulma haiwi mila kwa kukaa siku nyingi. Wanachama wanaume, hili ni lenu. Mkiambiwa ugumu ulipo, msiwe nyinyi ndio ugumu wenyewe.

Haki ya pili ni kutibiwa kwanza pindi roho iko hatarini, na hesabu ya fedha ije baadaye. Kizazi kilichokuwepo baada ya 1964 kiliahidiwa matibabu bila ya malipo, na ahadi ile ilishika mizizi nyoyoni. Mwaka 2023 ilipitishwa sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, na mwenye mshahara hukatwa mchango wake. Kuchangiana si kubaya. Watu wetu wamechangiana kwa mazishi na harusi tangu hapo kale. Lakini mvuvi hana mshahara wa kukatwa, mchumaji karafuu hupata kwa msimu, na mama anayelima mwani hupata kwa kilo na kwa bei asiyoipanga yeye. Watu hawa ndio wengi katika nchi yetu. Twataka ijulikane wazi, kwa maandishi, mtu asiye na kadi apokewe vipi usiku wa manane anapoletwa kwa gari la ng'ombe au kwa ngarawa.

Sasa tugeukie wajibu, nao ni mzito vile vile. Wajibu wa kwanza ni ukweli. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Mtu huanza kwa mganga, akanywa hiki na kile, kisha akafika hospitali akaapa kwamba hajatumia kitu. Daktari humpa dawa isiyopatana na ile iliyokwisha kumwingia tumboni, na likitokea la kutokea, hulaumiwa daktari. Semeni mlichokunywa. Hapana aibu katika kutafuta uzima.

Wajibu wa pili ni kuimaliza dawa. Malaria, iliyokuwa ikiwamaliza watoto wetu, imepungua mno tangu mwaka 2003, pale klorokwini ilipoachwa, kwa kuwa vimelea vilikwisha kuizoea, ikashikwa dawa ya mseto, na baadaye vikaenea vyandarua na upigaji dawa majumbani. Kupungua huko ni kazi ya serikali na ni kazi ya wananchi pia. Dawa ile hunywewa siku 3. Anayeinywa siku 1 akapata nafuu, akamwekea mwanawe iliyobaki, hajamtibu yeyote. Amevifunza vimelea namna ya kuishi na dawa. Kifua kikuu aghalabu hutibiwa miezi 6, na anayekatisha njiani huwaambukiza jirani zake maradhi magumu zaidi kuliko aliyoanza nayo.

Wajibu wa tatu ni kumheshimu anayekuhudumia. Muuguzi aliyeachwa usiku peke yake na wodi iliyojaa si adui yetu. Rafu ya dawa ikiwa tupu, si yeye aliyeitoa tupu. Bajeti husomwa na kupitishwa katika Baraza la Wawakilishi, na huko ndiko pa kupeleka hasira zetu. Kumtukana binti aliyevaa sare nyeupe kwa kosa la waziri ni kumpiga punda kwa kosa la mwenye gari. Lakini ikiwa muuguzi au daktari mwenyewe ametenda ubaya, hapo hapana kufichana, na hapo waja wajibu wa nne.

Wajibu huo ni kushuhudia, na kukataa rushwa. Anayedai "chai" amekosa kwa sheria, na anayetoa naye amekosa; kwa hayo ipo mamlaka ya kuzuia rushwa, ZAECA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Malalamiko mengi hufika matawini kwetu kwa sura ya uvumi: inasemekana, imesikika, kuna mtu. Uvumi hauna miguu ya kusimamia. Mwenye malalamiko alete siku, saa, wodi, aliloambiwa na alilotozwa, na risiti ikiwa anayo. Na aliyelipa bila ya kupewa risiti aidai pale pale dirishani. Shahidi 1 mwenye tarehe ana uzito kuliko mayowe ya mkutano mzima.

Wanachama wenzetu, lipo la mwisho, nalo latugusa sisi kwa namna yake. Wazee walio hai wakumbuka miaka ya 1957 na 1958, pale watu wa visiwa hivi waliposusiana maduka, wakasusiana hata maziko, kwa ajili ya chama. Tuliyaona tena Pemba baada ya uchaguzi wa 1995. Sumu ile isipewe njia ya kuingia wodini. Asiwepo mtoa dawa atakayeuliza jina la mtaa apate kujua chama. Na asiwepo mwanachama wetu atakayemkataa daktari kwa sababu amemwona amevaa rangi ya wengine. Damu inayotolewa na mtu wa chama kile huokoa mtoto wa chama hiki, wala haina kadi. Anayekwenda kuchangia damu mwezi huu hufanya kazi kubwa ya siasa njema kuliko msemaji wa jukwaani.

Kwa hiyo twaitaka serikali mambo manne, nayo si makubwa. Haki na wajibu wa mgonjwa viandikwe kwa Kiswahili fasaha na kubandikwa mlangoni pa kila hospitali na kila kituo cha afya. Orodha ya malipo, na ya wale wasiolipa, ibandikwe kando yake. Karatasi za ridhaa ziwe kwa Kiswahili, na zisomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma. Na kiwepo kitabu cha malalamiko ambacho kila lalamiko hujibiwa kwa maandishi katika siku zilizotajwa.

Na wanachama twawataka jambo moja: kila mmoja wenu, aendapo kutibiwa au kumpeleka mzee wake, aulize kwa adabu maswali haya. Naumwa nini? Dawa hii ni ya nini, na niinywe vipi? Ina madhara gani? Ipo njia nyengine? Nirudi lini? Kuuliza si ujeuri wala si siasa. Tukiuliza sote, kwa upole na bila ya kuchoka, haitapita miaka mingi kabla ya kusikika wodini neno ambalo leo ni adimu: "Mzee, nikueleze hali yako, kisha nawe uniambie uonavyo."

Shime, wanachama. Uji na uletwe bila ya kuulizwa. Lakini katika mwili wake na roho yake, mgonjwa naye aulizwe.