MGENI NI BARAKA, LAKINI MAMA NDIYE ANAYELIPA



Leo tuzungumze kuhusu ukarimu. Sio ule wa kusifiwa kwenye mimbari. Nazungumzia ule wa kikombe cha maziwa, na nataka tuanzie Diff.

Kama hujui Diff, ni kule Wajir Kusini, mpakani kabisa na Somalia. Ukimwambia mtu wa Kiambu "shamba la familia", atawaza majani chai, mahindi na ng'ombe wa gredi zizini. Diff shamba lina miguu. Ni mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia, na linahama likifuata mvua. Hata nyumba inahama. Ile nyumba ya fito na mikeka tunayoiita herio hujengwa na akina mama, na siku ya kuhama ni wao wanaoibomoa na kuifunga juu ya ngamia.

Sasa jiulize, nani anaendesha shamba hilo? Baba anaweza kuwa mbali na ngamia kwa wiki kadhaa, au yuko Garissa kwenye mnada wa mifugo. Anayebaki bomani ni mama. Anajua mbuzi yupi ana mimba na yupi amekauka. Anajua mtungi una maji ya siku ngapi. Asubuhi maziwa yakiletwa, yeye ndiye anayegawa: haya ya watoto, haya ya samli, haya yaende sokoni yarudi na unga na sukari. Hakuna aliyemwandikia barua ya kazi, lakini huyo ni meneja.

Na kwa meneja huyo ndiko wageni wanakoshukia, mara nyingi bila hata kupiga simu. Ofisa wa kaunti. Watu wa chanjo. Mtafiti na dereva wake. Mnunuzi wa mifugo. Jamaa waliokosa malisho kwao. Na ndiyo, mpendwa, hata sisi wa makanisa tunaobeba misaada kwenye lori. Hakuna anayeondoka bila kunywa. Tunapiga picha, tunaandika "Watu hawa ni wakarimu sana!", halafu tunawasha gari.

Hebu tufanye hesabu, maana ukarimu pia una hesabu. Chukua wageni 6, kila mmoja kikombe cha nusu lita. Hizo ni lita 3. Msimu wa mvua mama hatazisikia sana. Lakini kiangazi, lita 3 zinaweza kuwa ndizo zilizokuwa ziende sokoni, na bila soko hakuna unga wa jioni. Akichinja mbuzi kwa heshima yenu, mbuzi huyo alikuwa karo ya mtoto. Mbuzi hubeba mimba miezi 5, na ngamia kama miezi 13. Mifugo hairudi haraka kama tunavyosahau.

Na tusisahau tulikotoka. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Kaunti kame za Kenya zilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Katika ukame ule ule, wageni hawakuacha kuja. Waliongezeka! Ukame ndio unaoleta magari ya tathmini. Kwa hiyo mama huyu hupokea watu wengi zaidi wakati ana kidogo zaidi. Hapo ndipo penye shida.

Nisikilize vizuri. Unakumbuka habari ya Ibrahimu alipopokea wageni watatu hemani? Sisi sote humsifu Ibrahimu, na jirani zetu Waislamu wanamheshimu pia. Lakini soma tena Mwanzo 18 polepole. Baba alikimbia kuwalaki, akachagua ndama, kijana akamwandaa. Nani alikanda unga, vipimo vitatu vizima, saa ya jua kali? Sara, ndani ya hema. Na wale wageni walipokwisha kula, jambo la kwanza walilouliza ni habari za Sara. Hao walikuwa wageni wa kweli. Walijua mkate haukujikanda wenyewe.

Sisi tukienda Diff, tunamuuliza nani? Tunakaa chini ya mti na wazee, tunashukuru chifu, tunashukuru mheshimiwa. Mama tunamuaga kwa kupunga mkono kupitia dirisha la gari.

Sasa njoo nami Limuru kidogo, uone ukarimu ukiwa na daftari. Pale Tigoni kuna shamba la chai linaloitwa Kiambethu. A. B. McDonell alilinunua 1910, akapanda chai 1918, na anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kuuza chai kibiashara Kenya. Kwa miaka mingi wageni wamepokelewa hapo na mjukuu wake, Fiona Vernon. Wanaelezwa chai inavyotengenezwa, wanatembezwa kwenye msitu wa asili, wanakula chakula cha mchana bustanini. Lakini mgeni hujiandikisha kabla, na analipa. Hakuna anayeona aibu, wala hakuna anayesema mwenyeji amekosa ukarimu.

Ndiyo, najua. Historia ya ardhi ya Limuru ina machungu yake, na ardhi ile ilikuwa na watu kabla ya 1910. Silinganishi watu. Nalinganisha jinsi sisi wageni tunavyoheshimu kazi ya mwanamke mmoja na kuchukulia bure kazi ya mwingine. Kwa nini maziwa ya Tigoni yawe huduma, na ya Diff yawe mila tu?

Mtu ataniambia, "Mchungaji, kule ukimpa mama pesa ya maziwa umemtukana." Ni kweli kabisa! Usimwekee noti kwenye kikombe. Msomali hauzi kile alichomkaribishia mgeni, na hilo ni jambo zuri tusiliharibu. Lakini asiyelalamika si kwamba hajapungukiwa. Ziko njia za heshima. Nakupa tatu.

Moja, piga simu kabla ya kwenda, na usiende mikono mitupu. Beba maji yenu, unga, sukari, majani chai. Mkabidhi mama mwenyewe, si mwanamume wa kwanza uliyekutana naye. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wakati wa ukame, mgeni mwenye akili huomba jembe siku ya kwanza.

Mbili, nunua kile anachouza. Kikombe ni zawadi, lakini samli ni biashara. Nyirinyiri ni biashara. Mkeka ni biashara. Mbuzi ni biashara. Nunua kwa bei ya soko, usimpunguzie eti kwa kuwa uko bomani kwake. Na M-Pesa iende kwa namba yake yeye. Ukiwa Garissa, fanya hivyo hivyo kwa akina mama wa mashamba ya Tana wanaokutembeza kwenye migomba kisha wanakufungia maembe ya kubeba.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: jina lake liandikwe. Ardhi ya Diff si ya hati ya mtu mmoja, ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema jamii isajiliwe, iwe na orodha ya wanajamii, na ichague kamati ya watu 7 hadi 15. Inakataza ubaguzi, na mwanamke aliyeolewa katika jamii hiyo anahesabiwa mwanajamii. Wewe mwalimu, muuguzi, karani unayefanya kazi huko, wazee wakikuomba usaidie kujaza fomu, uliza kwa upole: akina mama wako wapi kwenye orodha? Kwenye kamati je? Anayeendesha shamba asiachwe nje ya daftari la shamba.

Mpendwa, wahenga pia walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tupime ziara zetu kwa kipimo hicho. Baada ya gari lenu kuondoka na vumbi kutulia, je, mwenyeji amepona, au amebaki na vyombo vitupu na watoto wanaosubiri?

Kama una safari ya Kaskazini Mashariki mwezi huu, mtumie ujumbe huu kiongozi wa msafara wenu kabla hamjapakia gari. Halafu mkifika, ulizeni habari za mama.