Kipimo cha Mgeni Kiwe Kipimo cha Mwenyeji



Sisi wa Minjila twaishi njia panda. Basi litokalo Mombasa na Malindi likifika hapa, abiria wengine huelekea Lamu, wengine Garsen, Hola na Garissa. Siku hizi katika basi la Lamu twaona vijana wa kigeni, mkoba mgongoni na kompyuta ndani yake. Hawakuja kutazama bahari tu. Wafanya kazi ya tajiri aliyeko London au Berlin, na mshahara huingia benki ya huko huko. Oktoba 2024 Serikali ilitangaza kibali maalumu kwa watu wa namna hii.

Kuhamahama si jambo geni Tana. Mfugaji wa Kiorma akitaka kunywesha ng'ombe mtoni hupita malka, na hupatana na Mpokomo mwenye shamba. Basi twauliza: mapatano ya huyu mwenye kompyuta ni yapi?

Sheria ya Kodi ya Mapato yajibu hivi. Mtu asiye na makao ya kudumu Kenya huhesabiwa mkaaji akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Akiwa chini ya hapo, na tajiri wake hana ofisi Kenya, mshahara wake hautozwi kodi ya mapato hapa. Hulipa VAT ya asilimia 16 akinunua sabuni, kama sisi.

Sasa tazameni upande wetu. Mwenye makao ya kudumu Kenya huhesabiwa mkaaji akiwapo nchini kwa muda wowote katika mwaka. Maana yake, dereva wetu aliyeko Qatar, aliye na nyumba hapa, akija wiki mbili kumzika mamaye, sheria yaweza kumwita mkaaji. Na mshahara wa mkaaji hutozwa kodi hata kama kazi aliifanya ng'ambo. Qatar na Saudi Arabia hazikati kodi ya mapato katika mshahara, kwa hiyo hana hata hati ya kodi ya huko ya kuonyesha. Mgeni hupewa siku 182 za amani. Mwenyeji hapewi hata moja.

Wazee wetu walitozwa kodi ya kibanda tangu 1901, ikawatoa nyumbani kutafuta fedha. Leo kijana ametoka mwenyewe, na bado nyumba ndiyo inayomshika.

Wako watakaosema kwamba mgeni hatumii shule zetu, na pengine alipa kodi kwao. Ni kweli, wala hatutaki afukuzwe. Anakula samaki wetu na kupanda boti zetu. Lakini hoja hiyo hiyo yamfaa yaya wetu aliyeko Riyadh: naye mwaka mzima hatumii barabara wala hospitali ya Kenya. Tena fedha zake zarudi nyumbani. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma karibu dola bilioni 5.

Wala hatukatai kodi. Bila kodi hakuna dawa katika zahanati. Twadai jambo moja: Mkenya aliyeajiriwa ng'ambo ahesabiwe kwa siku, kama mgeni anavyohesabiwa. Na sheria hiyo iandikwe kwa Kiswahili chepesi, asomewe kila mtu kabla hajatia sahihi mkataba wa Ghuba.

Kila mwaka Mswada wa Fedha hupelekwa Bungeni kabla ya Aprili kwisha, na wananchi huitwa kutoa maoni. Mwaka 2024 Rais alikataa kuutia sahihi baada ya vijana kuandamana. Sisi tusingoje vurugu. Kila tawi liandike dai hili na kulipeleka mapema.

Kwa sasa, mwenye ndugu ng'ambo amwambie atunze mkataba, hati za mshahara na mihuri ya pasipoti. Na wewe kijana wa hapa ufanyaye kazi ya tajiri wa nje kwa kompyuta, kumbuka hakuna anayekukatia kodi. Peleka hesabu yako kabla ya Juni 30, kwani faini ya kuchelewa haipungui shilingi 2,000.

Mfanyakazi asiyejua sheria hulipa mara mbili.

Umoja ni nguvu.