Kusahihisha si kuficha



Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote, mwezi wa 11 mwaka 2022, wanafunzi wengi wanaitumia kuandika kazi za shule. Wamama wanatuuliza: programu hizi zote za kuandika ni sawa? Hapana. Leo tulinganishe aina mbili.

Ya kwanza ni programu ya kusahihisha lugha, kama LanguageTool, inayojua Kifaransa na kutumika hata bila kulipa. Mtoto akiandika «les enfant», inapiga mstari chini ya kosa na kumwonyesha kwamba pamekosa s. Anaona kosa lake, anarekebisha, anajifunza. Ni kama kalamu nyekundu ya mwalimu.

Ya pili inajidai kufanya maandishi ya mashine yafanane na ya mtu. Mtoto anaandikiwa kazi na ChatGPT, halafu anaipitisha humo ili maneno yabadilishwe na sentensi zikatwekatwe, mwalimu asitambue. Hapo hakuna kosa analoonyeshwa. Tena maana inaweza kupotea: neno «dot», yaani mahari, likigeuzwa «cadeau», yaani zawadi, kazi juu ya ndoa imeharibika. Sheria yetu ya jamaa ya mwaka 1987 inadai mahari, haisemi zawadi.

Na sisi walimu tujihadhari. Mashine za kutambua maandishi ya akili bandia zinakosea. Kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, iliondoa ya kwake mwezi wa 7 mwaka 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Tusimwite mtoto mwizi kwa neno la mashine peke yake.

Mama, hata kama hukusoma Kifaransa, unaweza kupima kazi ya mtoto wako. Mwambie: «Mwanangu, nielezee kwa Kiswahili ulichoandika.» Aliyeandika mwenyewe ataeleza, hata kwa kugugumia. Aliyeandikiwa atatafuta maneno. Usimpige, mkalishe aandike upya kwa mkono, ndipo asahihishe na telefone.

Siku ya disertasyo ya Ekzameni ya Serikali, mtoto anakaa na karatasi na kalamu tu. Minervali tunayolipa kwa jasho la soko na la shamba ni kwa ajili ya kile kitakachokuwa kichwani mwake siku hiyo.