Reli ya kisasa yaja magharibi: baiskeli ya mchuuzi itapita wapi?

Tangu Oktoba 2024, Serikali ya Uganda ilipotiliana saini na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, watu wa magharibi mwa nchi hiyo wamekuwa wakijiuliza zamu yao itafika lini. Ramani za mradi zinaonyesha kuwa njia ya magharibi itatoka Kampala hadi Bihanga, na hapo itagawanyika: tawi moja liende Mpondwe mpakani na Kongo, na jingine Mirama Hills mpakani na Rwanda. Kwa wafanyabiashara wa mipakani hiyo ni habari njema. Hata hivyo, lipo swali ambalo sijalisikia likiulizwa: baiskeli itapita wapi?

Huenda wapo watakaoliona kuwa ni swali dogo, lakini sehemu kubwa ya biashara ya mipakani haibebwi na treni wala lori. Neno lenyewe la boda boda lilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, pale vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria na mizigo kutoka mpaka wa Kenya hadi wa Uganda. Pikipiki imechukua jina, lakini baiskeli haijaondoka barabarani. Haihitaji petroli, na fundi wake yuko chini ya kila mti.

Sheria nayo imemfungulia mlango mchuuzi huyo. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Gunia la mahindi au maharage juu ya kibebeo halikaribii kiwango hicho. Kwa hiyo forodhani mtu wa baiskeli anatambuliwa. Kinachomshinda ni kufika huko akiwa mzima.

Nimeiendesha baiskeli barabara ya kutoka Mbarara kupitia Isingiro hadi Kikagati, kilomita 74 za lami zinazoishia Mto Kagera, ng'ambo yake ikiwa ni Murongo ya Tanzania. Ni njia ya kupendeza: milima iliyovaa migomba, mabonde yenye mafunjo, na hewa safi ya asubuhi. Lakini macho ya mwendesha baiskeli hayana nafasi ya kutazama mandhari. Lori likija nyuma na jingine mbele, unaondoka kwenye lami na kuingia kwenye changarawe. Mimi sikuwa na mzigo. Niliopishana nao walikuwa wakisukuma mikungu ya matoke mlimani, au madumu manne ya maji, na kila dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Mwenye kilo 80 nyuma hawezi kuruka pembeni kwa ghafla.

Ukiiacha lami kuelekea Nakivale, utawakuta watu wanaoitegemea njia hii kuliko wote. Makazi hayo yalianza na wakimbizi wa Rwanda waliokimbia machafuko ya 1959, na leo yana zaidi ya watu 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kutembea nchini na kufanya kazi. Ndugu zetu waliorejea Rwanda baada ya 1994 wanaijua vizuri njia ya Mbarara, kwani wengine walikulia Nakivale na Oruchinga. Wapo waliorudi kwao wakabaki na wateja wao upande huu. Kwao baiskeli ni duka.

Wenzetu wamefanyaje? Huko Florida, Marekani, iko njia ya lami ya baiskeli iitwayo Withlacoochee, iliyojengwa juu ya tuta la reli ya zamani. Urefu wake ni kama kilomita 74, sawa kabisa na Mbarara hadi Kikagati, na inapita katika nchi ya mabwawa, misitu na chemchemi, bila lori hata moja. Mwaka 1983 Marekani ilitunga sheria kwamba kampuni ikiacha njia ya reli, ukanda ule unaweza kutunzwa kama njia ya watu hadi treni itakapohitajika tena. Hivyo ardhi ya umma haikatwi vipande.

Sisi tulikuwa na nafasi kama hiyo. Reli ya Kampala hadi Kasese ilifunguliwa 1956 kubeba shaba ya Kilembe, ikivuka mabonde ya maji hadi karibu na Ziwa George. Mwishoni mwa miaka ya 1990 treni zilikoma kupita. Reli ikabaki chini ya majani, na sehemu nyingine zikawa mashamba na nyumba. Tuta lililogharimu jasho la watu halikumfaa msafiri wa treni wala wa baiskeli.

Kosa hilo lisirudiwe. Uganda inayo Sera ya Usafiri Usiotumia Injini tangu 2012, na Kampala imejaribu kuitekeleza katika barabara za Namirembe na Luwum. Huku mipakani ndiko inakohitajika zaidi. Kuweka njia ya mita chache kando ya tuta la reli wakati wa usanifu ni gharama ndogo, lakini kubomoa na kufidia watu baadaye ni gharama kubwa.

Tahadhari moja ni lazima itolewe. Mto Rwizi, unaoinywesha Mbarara, huteremka kuyalisha maziwa ya Mburo na Nakivale, na ardhi oevu hiyo iliandikishwa 2006 katika mkataba wa kimataifa wa Ramsar. Maji ya bomba ya Nakivale yenyewe hutoka ziwani. Kingo za Rwizi tayari zimelimwa na kuchimbwa mchanga. Tuta la udongo likikata bonde bila madaraja na makalavati ya kutosha, upande mmja utafurika na mwingine utakauka. Njia ya baiskeli isiwe kisingizio cha kufukia mafunjo. Ipite juu ya madaraja yaleyale ya reli au barabara.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Reli ya magharibi ingali kwenye karatasi, na karatasi hufutika kwa urahisi kuliko zege. Vyama vya wachuuzi wa Kikagati, Mirama Hills na Mpondwe, pamoja na viongozi wa Isingiro na jiji la Mbarara, waidai njia hii sasa, kabla wahandisi hawajaleta greda.