Acheni Studio Zife, Lipeni Watu Kwanza

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusichoshane. Kampuni ya gemu ikishindwa kulipa stima na watu wake, iachwe ife. Isiokolewe na hazina iliyojazwa na kodi ya mama anayeuza viazi hapa Londiani, na isitupitishie kikapu sisi wachezaji eti kwa uzalendo. Ife kama duka lolote linavyokufa.

Najua wasee wa gemu hawapendi kusikia hivi. Studio ya Nairobi ikianza kuyumba, wimbo ni uleule: serikali iko wapi, vijana wanaumia, sekta itakufa. Mwenye kuimba huwa ni mwenye studio. Yule aliyechora, aliyeandika, aliyekesha akitafuta kasoro kwenye simu ya skrini iliyopasuka, hutamsikia. Yuko bize anatafuta kibarua kingine.

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kenya ukisema uko kwenye biashara ya gemu, nusu ya watu wanadhani unamiliki Aviator. Si kosa lao. Sheria yetu ya mwaka 1966 iliweka gemu kapu moja na bahati nasibu na kubeti, kwa hiyo mheshimiwa akisimama kusifu mapato ya "gemu" anaongea kuhusu kamari. Mimi naongea kuhusu zile zingine, zinazotengenezwa na watu wachache kwenye chumba kimoja kule Ngong Road. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007. Planet Rackus wakaja na Ma3Racer, ile ya matatu, iliyochezwa kwenye simu za Nokia. Mwaka 2015 Andrew Kaggia na Black Division Games wakaleta Nairobi X, Nairobi ikivamiwa na viumbe kutoka anga za juu. Niliicheza kwenye simu ya binamu yangu na nikaona jiji langu ndani ya gemu kwa mara ya kwanza. Sijasahau. Kwa hiyo usiniambie sina uchungu na hii sekta.

Tatizo langu ni neno "kuokoa". Sisi Wakenya tuna shahada ya uzamili katika kuokoa kampuni, na tujikumbushe matokeo. Mumias Sugar ilimwagiwa mabilioni ya serikali, hundi na picha za kushikana mikono, halafu Septemba 2019 ikawekwa chini ya mrasimu na benki iliyokuwa ikiidai. Mkulima aliyepeleka miwa hakupigwa picha na hundi yoyote. Uchumi ilifunga milango 2006, ikafufuliwa kwa msaada wa serikali, tukashangilia, na kufikia 2015 ilikuwa inafunga matawi ya Uganda na Tanzania huku rafu za hapa nyumbani zikibaki na majani ya chai na viberiti. Kenya Airways nayo ilipata hasara ya shilingi bilioni 38.3 mwaka 2022 peke yake. Ndiyo, najua, 2024 ilirudi kwenye faida ya bilioni 5.4 na watu wakaniambia, unaona? Nikasubiri. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara.

Mtu ataniambia ndege na sukari si gemu. Sawa, basi twende kwa gemu. Mwaka 2010 Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote Marekani, liliidhamini kampuni iitwayo 38 Studios kupata mkopo wa dola milioni 75. Mwenyewe alikuwa Curt Schilling, nyota mstaafu wa besiboli. Hoja ilikuwa hizi zetu kabisa: ajira za vijana, teknolojia, jimbo litang'aa. Februari 2012 walitoa Kingdoms of Amalur: Reckoning, na kwa kweli haikuwa gemu mbaya. Mei mwaka huohuo mishahara haikuingia, wafanyakazi wote wakaachishwa, na Juni kampuni ikaomba kutangazwa muflisi. Deni likabaki kwa walipa kodi, wengine wao watu ambao hawajawahi kushika kidude cha gemu maishani. Waliofanya kazi hadi siku ya mwisho walitoka bila malipo yao ya mwisho. Kumbuka hilo, nitalirudia: pesa za umma ziliingia, na bado mtu wa chini hakulipwa.

Sasa niambie, kwa nini mwenye studio aokolewe na watu wa huku wasiokolewe? Londiani hii unayoipita ukienda Kisumu ilikuwa na maana kubwa wakati mmoja. Kabla reli ya Eldoret haijajengwa, ukitaka kwenda Uasin Gishu ulishukia stesheni ya Londiani, mzigo wako ukapanda mkokoteni wa maksai na kupambana na matope. Mji uliishi kwa hiyo biashara. Miaka ya 1920 reli ikapita kwingine kupitia Timboroa, ikafika Eldoret, na maksai wakakosa kazi. Hakuna aliyeleta mfuko wa kuokoa mikokoteni. Mji ulijifunza viazi, maziwa, mbao na kupanga foleni ya matatu.

Shuka Kericho kwenyewe. Mashine za kuchuma majani ya chai zilipoingia mashambani, kila moja ilifanya kazi ya watu wengi, na mchumaji akaambiwa hiyo ndiyo dunia ya sasa, ajipange. Mei 2023 watu walizichoma moto wakati wa maandamano. Sisemi walifanya vizuri. Nasema tu kwamba mchumaji akipoteza kazi anaitwa mwathiriwa wa maendeleo, na mwenye studio akipoteza ofisi yenye kiyoyozi anaitwa sekta.

Halafu kuna jamaa wa banda la PS karibu na steji. Huyo, kwangu mimi, ndiye sekta ya gemu Londiani. Televisheni mbili, PS3 mbili ambazo moja hupigwa kofi ndio iamke, shilingi ishirini mechi. Stima ikipotea wakati wa mvua, na huku mvua si mchezo, anarudisha pesa za watu. Mwaka jana mashine moja ilikufa, akauza spika kulipa kodi ya nyumba. Nilimuuliza kama angependa serikali isaidie kampuni za gemu za Kenya. Akaniangalia. "Buda, ziko?" Akaendelea kufunga waya na selotepu. Hakuna gemu ya Kenya kwenye banda lake. Ni mpira tu, na kupigana.

Watetezi wa kuokoa huwa na hoja moja ambayo naiheshimu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Wanasema kampuni ikifa, ujuzi unapotea. Timu iliyojifunza kufanya kazi pamoja miaka mitano inatawanyika, na gemu yenyewe inazikwa nayo. Kuna ukweli hapo. Ma3Racer leo utaichezea wapi?

Lakini angalia vizuri kinachoua gemu. THQ ya Marekani iliomba ulinzi wa muflisi Desemba 2012, na Januari 2013 ikauzwa vipandevipande. Sega ikachukua Relic, Koch Media ikachukua Volition, Ubisoft ikachukua gemu ya South Park. Kampuni ilikufa kabisa. Gemu je? Metro: Last Light, Company of Heroes 2 na Saints Row IV zilitoka mwaka huohuo wa 2013, na ya South Park ikafuata 2014. Maiti iligawa viungo na watu wakaishi. Linganisha na Ubisoft wenyewe, kampuni iliyo hai na iliyopewa yuro zaidi ya bilioni moja na Tencent. Machi 31, 2024 walizima seva za The Crew, gemu ambayo watu waliinunua kwa pesa zao, na siku hiyo ikaacha kuchezeka. Kampuni nzima, gemu marehemu. Na Volition ile iliyonusurika mnada? Agosti 2023 ilifungwa na mwenye mpya, Embracer ya Uswidi, baada ya dili ya dola bilioni mbili kuwaponyoka na wao kuanza kukata matawi. Uhai wa kampuni na uhai wa kazi ni vitu viwili, na sisi tunalipishwa cha kwanza tukidhani tunanunua cha pili.

Hapa ndipo mimi ninaingia, kwa sababu siongei kama mtazamaji. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilikataa, nikarudi nyumbani nikawa naandika chochote kinacholipa: maelezo ya sabuni, hotuba za harusi, barua za mapenzi mara mbili. Studio moja ya Nairobi, sitaitaja, ikanipa kazi ya ndoto. Niliandika maneno ya wahusika kwa Kiswahili, kurasa mia na kitu, miezi mitano. Kulikuwa na nyanya mmoja kwenye hadithi anayeuza maziwa kwenye steji yenye baridi na kutukana makanga kwa methali. Nilimwandika kwa kusikiliza akina mama wa hapa. Studio ilikufa ikiwa na deni langu la shilingi 42,000.

Nilienda kusoma sheria, maana muda nilikuwa nao. Sheria yetu ya ufilisi ya 2015 inawapa wafanyakazi nafasi ya mbele kiasi: mishahara ya miezi minne ya mwisho, isiyozidi shilingi 200,000. Ni kitu. Lakini mimi si mfanyakazi, mimi ni kibarua wa mkataba, na kibarua anapanga foleni nyuma pamoja na muuza maji ya chupa. Nikageukia Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Hiyo ilinimaliza. Kazi uliyoagizwa kuifanya, kama mkataba haukusema vingine, haki yake inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza. Kwa hiyo nyanya wangu si wangu. Ni mali ya kampuni iliyokufa ambayo haikumlipia, na mrasimu akitaka anaweza kumuuza pamoja na viti.

Ungedhani baada ya hapo ningetaka studio iokolewe ili nilipwe. Wenzangu wawili walitaka hivyo, na tulikosana. Mimi nasema pesa zingeingia, zingelipa benki, zingelipa kodi ya ofisi na safari moja ya San Francisco "kutafuta wabia", na sisi tungeambiwa tuvumilie robo ijayo. Nishawahi kuvumilia robo tatu.

Badala ya mfuko wa kuokoa, bunge libadilishe vifungu viwili tu. Kwanza, kibarua aliyefanya kazi ya ubunifu ahesabiwe na wafanyakazi kampuni inapofilisika. Pili, haki isihamie kwa mwagizaji hadi atakapolipa, na kampuni ikifa kabla ya kulipa, kazi irudi kwa aliyeifanya. Hiyo ya pili haigharimu hazina hata ndururu. Na ingefanya wenye studio walipe mapema, kwa sababu gemu yenye mashimo ya haki haiuziki kwa yeyote.

Pesa za umma kwa gemu sizikatai, mradi ziingie mlango wa mbele. Ufini ilifanya hivyo: shirika lao la serikali la Tekes lilikuwa likiweka pesa kwenye studio changa ili zijaribu vitu. Zikikwama, zimekwama. Biashara ya simu za Nokia, fahari ya nchi nzima, ilipoporomoka iliachwa ikauzwa kwa Microsoft, dili ikafungwa 2014. Kufikia hapo Supercell, iliyoanzishwa 2010 tu, ilikuwa imeuza asilimia 51 ya hisa zake kwa dola bilioni 1.5. Hatutakuwa Ufini, tulieni. Lakini shilingi inayompa kijana wa Kipkelion kompyuta na mwalimu ni tofauti na shilingi inayolipa deni la bosi wake wa zamani. Yule kijana akijua kutengeneza gemu, atakuja kwa studio ijayo, na ile itakayofuata hiyo ikifa.

Mwezi uliopita nilimwandikia aliyekuwa mkurugenzi. Nilimwambia deni nalifuta lote, 42,000, anipe tu karatasi iliyosainiwa kwamba maandishi ni yangu. Tiki mbili za bluu zilitokea dakika hiyohiyo. Nimeshachora daftari zima na msee mmoja wa Molo anayejua kutengeneza, tuna steji, tuna mvua, tuna makanga. Nafasi ya nyanya tumeiacha wazi.